Neno Bado Kwenye Chumba cha Mwezi

Wiki hii nimepata barua mbili kutoka kwa wasomaji. Mmoja ameniita muoga, mwingine ameniita nyoka. Wa kwanza namshukuru kwa upole wake. Wa pili namwomba asome ya leo mpaka mwisho, halafu akamwombe nyoka radhi.

Kwa aliyelikosa gazeti lililopita, nitamvuta mkono haraka. Mimi ni fundi wa ubaridi. Natunza jengo la ghorofa tatu ambalo hakuna anayelala humo, limejaa kompyuta tupu, zile zinazohifadhi picha zenu, barua zenu na siri zenu. Kompyuta hizo zinachemka saa zote, nami kazi yangu ni kuzipoza. Jengo linakunywa maji kuliko mtaa mzima unaolizunguka, mafeni yake yanavuma usiku na mchana, na majirani wameshaandamana getini mara mbili.

Ndipo Mkurugenzi wetu akapata wazo. Kompyuta zihamie mwezini. Huko baridi ni ya bure, jua ni la bure, na majirani hakuna. Akanikabidhi mimi upembuzi yakinifu, yaani nichunguze, nipige hesabu, niseme jambo lenyewe linawezekana au haliwezekani.

Nilikaa nazo hesabu wiki sita. Mwezini baridi ipo, tena kali, lakini hewa hakuna, na pasipo hewa joto halina pa kukimbilia. Ichukue chupa ya chai. Chai inabaki ya moto mpaka jioni kwa sababu kati ya kuta zake mbili wamenyonya hewa yote. Ukipeleka kompyuta mwezini umeziweka mle, kati ya zile kuta. Feni huko ni pambo. Ili joto litoke utahitaji mabamba ya kulitupa angani yenye upana wa viwanja vitatu vya mpira, na kuyabeba hayo kutoka huku ni balaa lingine. Usiku wa kule una urefu wa wiki mbili za kwetu, wiki mbili bila jua la kuzalisha umeme. Vumbi lake linakwangua kama kioo kilichosagwa. Na kifaa kikiungua, fundi wa zamu apande nini?

Jibu lilikuwa haiwezekani, si kwa miaka yetu hii. Nikaliandika. Mkurugenzi akaja mezani kwangu, akazigeuza karatasi zangu kifudifudi, akasema hataki kurasa, anataka neno moja tu. Nami, haiwezekani ikiwa kwenye ncha ya ulimi, nikameza mate nikamwambia, "Bado." Hapo ndipo mimi nawe tulipoachana.

Sasa sikiliza.

Mimi nilimaanisha bado haiwezekani. Yeye akasikia bado inawezekana. Neno letu hili lina tabia hiyo. Ukiulizwa umekula, ukajibu bado, maana yake tumbo ni tupu. Ukisema mgeni bado yupo, maana yake hajaondoka. Likisimama peke yake, linamfuata anayelisikia kule anakotaka kwenda.

Usidhani sikulijua hilo. Nililijua, ndiyo maana nikalichagua.

Siku ya pili yake Mkurugenzi alisimama mbele ya wageni waliovaa suti, wale wa kuubeba mradi kwa fedha zao, akatangaza kwamba mtaalamu wake amepembua kwa wiki sita na amethibitisha kuwa bado inawezekana. Ukumbi ukapiga makofi. Nami nikapiga. Kabla ya saa sita nilikuwa nimening'iniziwa kitambulisho kipya shingoni, Mkuu wa Upembuzi. Kilemba cha ukoka hicho, nilikijua, na nilikivaa mpaka nyumbani.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi, naye alikuwa shemeji yangu.

Shemeji ni mume wa dada yangu, dada aliyenilea tangu mama alipotutoka nikiwa na miaka tisa. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi, kusikiliza pampu kwa sikio na kujua inaumwa wapi. Yeye ndiye aliyeniombea kazi pale jengoni na kusema mbele ya watu kwamba akikosea kuniamini, wamwondoe yeye. Katika mafundi wote, hakuna aliyejua kazi kuliko yeye, na hakuna aliyenitania kuliko yeye.

Alinifuata kwenye chumba cha mafeni akanibana kwenye kona.

"Shemeji, nikuulize. Umeolewa?"

"Bado."

"Umeona? Hiyo ndiyo bado ya kweli. Ile ya jana ilikuwa bado ya kujifichia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia niende kwa Mkurugenzi nikaseme sentensi nzima, kuanzia kichwani mpaka mkiani. Nikamwahidi nitaenda kesho. Kesho ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa wiki, na kila aliponitazama nilijitia nina haraka.

Mwishowe alichoka kunisubiri, akaenda mwenyewe, lakini si kwa kunichongea. Alimshauri Mkurugenzi tujaribu kwanza hapa chini kabla ya kurusha kitu juu. Nyuma ya karakana kulikuwa na tangi la chuma, kubwa kama chumba cha kulala cha mtoto, ambalo wenye jengo wa zamani walikuwa wakikaushia mbao. Shemeji akasema tuweke kabati moja la kompyuta humo, tunyonye hewa, halafu sote tuangalie joto litafanya nini.

Mkurugenzi alilipenda wazo kwa ajili ya picha. Akaagiza tangi lipakwe rangi ya fedha na kuandikwa ubavuni: CHUMBA CHA MWEZI.

Dada ndiye aliyenieleza nia yenyewe, wakati anapima nguo ya mteja, pini zikiwa mdomoni. Shemeji alimwambia kwamba kompyuta zikishaiva mle ndani mbele ya wageni, mashine itakuwa imesema, nami sitalazimika kusema. Sitaumbuka. Nitaonekana nimefanya jaribio langu na kubadilisha jibu, kama mtaalamu yeyote. "Anakusitiri," dada akasema, na akatoa pini moja kwa furaha.

Nami badala ya kushukuru, nikamchukia. Nataka mlijue hilo mapema. Mtu anakusitiri kwa jambo ambalo ungeweza kulimaliza kwa kufungua mdomo, na kila siku unamwona akijifunga nyaya na jasho kwa ajili ya woga wako. Nilimchukia kama mtu anavyomchukia anayemjua.

Siku ya jaribio wageni walitarajiwa saa sita mchana. Tangu asubuhi tulikuwa tumeshalinyonya hewa tangi la pili, la akiba, ili bomba likifunguliwa hewa ya Chumba cha Mwezi iingie huko kwa mkupuo mmoja. Kompyuta ziliwashwa. Vilibaki vipimajoto tu, na shemeji akaingia mwenyewe kuvifunga.

Aliyekaa kwenye swichi za pampu, upande wa pili wa ukuta, alikuwa mama mmoja ambaye jengo zima tunamwita Mama Swichi. Ana miaka mingi pale kuliko rangi ya kuta. Kutoka alipokaa haoni tangi, na kwa ule mvumo wa mafeni hasikii mtu. Kwa hiyo shemeji aliweka utaratibu: hakuna kuitana, kila kitu kinaandikwa kwenye ubao mweupe wa pale mlangoni mwa tangi. Kwa mkato. Pampu: tayari. Nyaya: tayari. Ndani: mmoja. Au ndani: hakuna. Mama Swichi huja, husoma, hurudi kwenye swichi zake. Kwake yeye kisichoandikwa ubaoni hakipo duniani.

Wa kuandika nilikuwa mimi.

Shemeji alipoingia, niliandika vizuri kabisa, ndani: mmoja. Baadaye akanionyesha dole gumba kupitia kidirisha cha ubavuni mwa tangi kwamba vipimajoto vimekaa, akauvuta mlango kwa ndani aone kama nyaya zinazuia mpira wake kubana. Nikafuta mistari ya chini kwa kiganja ili niiandike upya. Wakati huohuo simu ikaita. Mkurugenzi. Anauliza tumemaliza, fundi ametoka?

Simu ilikuwa mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia.

"Bado, Mkurugenzi," nikamjibu. "Yuko ndani bado."

Na mkono ukaandika kile ambacho mdomo ulikuwa unasema. Vipimajoto: tayari. Ndani: bado.

Nikatoka nje kumsikiliza vizuri. Mama Swichi, aliyekuwa ameagizwa anyonye hewa mara moja ya majaribio kabla ya wageni, akaja ubaoni. Akaukuta mlango umefungwa. Akasoma ndani, bado. Hakuna aliyeingia bado. Kama ungekuwa wewe, na huniamini, muulize mtu yeyote hapo ulipo: yuko ndani? Akikujibu bado, utaelewa nini?

Akarudi akafungua bomba.

Niliporudi niliona sindano ya kipimo cha hewa inaanguka. Nikakimbia, nikabonyeza kitufe chekundu, hewa ikarudi kwa kishindo, mlango ukaachia. Shemeji alikuwa chini, damu ikimtoka masikioni na puani, macho wazi. Alikuwa hai. Tulimbeba msobemsobe mpaka kwenye gari, Mama Swichi akimshikilia kichwa na kurudia neno moja tu njia nzima: "Ubao ulisema hakuna. Ubao ulisema hakuna."

Ngoma za masikio zilikuwa zimepasuka zote mbili. Mapafu yalikuwa yameumia. Daktari alisema atapona kifua polepole, lakini kusikia tusitegemee. Mtu aliyekuwa akiijua pampu kwa sikio.

Kesho yake asubuhi Mkurugenzi aliniita. Nilidhani ni pole. Juu ya meza kulikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa safi. Ilisema jaribio la Chumba cha Mwezi limefanyika chini ya usimamizi wa Mkuu wa Upembuzi, kompyuta zikiwa zinafanya kazi, na kwamba hewa ilipoondolewa joto halikupanda.

Niliisoma mara mbili. Nikamwambia halikupanda kwa sababu jaribio lilidumu nusu dakika. Hata sufuria ya maji haichemki kwa nusu dakika.

"Kuna mahali pa kuandika muda hapo?"

Nikatazama. Hapakuwa na mahali.

"Basi hujaulizwa muda," akasema, akanisogezea kalamu. "Hii siyo uongo, Mtaalamu. Nionyeshe neno la uongo."

Hakukuwa na neno la uongo. Nimefanya kazi na maneno ya namna hiyo, nikayatambua moja baada ya jingine kama mtu anayeonyeshwa wanawe. Nikatia saini. Mtu amelala hospitalini kwa sababu alitaka mashine iseme ukweli, na mimi nikatia saini kwamba mashine imesema uongo wangu.

Kisha akaja kwenye jambo la pili. Mama Swichi alikuwa kituo cha polisi tangu jana. Ubao ulishafutwa, akaniambia bila kusema na nani. Sasa kulikuwa na maneno yake mama huyo, anayedai alisoma bado, na maneno yangu. Ikionekana aliyeandika ndiye aliyekosea, atakwenda aliyeandika. Ikionekana alionywa kwa mdomo, akapuuza, atakwenda yeye. Na mkuu wa upembuzi akienda jela, akaniuliza kwa upole, upembuzi wake utasomwa na nani? Watu wawili wa uchunguzi wangekwenda wodini saa kumi kumhoji shemeji kwa maandishi. Nitangulie mimi. Ni ndugu yangu, atanielewa.

Nilipitia kituoni kwanza. Usiniulize kwa nini. Labda nilitaka Mama Swichi anitukane, nipunguziwe mzigo.

Walimleta kwenye benchi la korido. Alikuwa bado na ovaroli yake, nembo ya kampuni kifuani. Hakunitukana. Alinishika mkono kama ni mimi niliyefungwa, akauliza hali ya mgonjwa, akashusha pumzi aliposikia yu hai. Ndipo akauliza alichokuwa akimuuliza kila askari aliyepita.

"Mwanangu, ulipoandika bado, ulikusudia ipi?"

Hapo ndipo ningeweza kuimaliza hadithi hii, na wewe usingekuwa unaisoma. Sentensi moja. Nilijikaza kisabuni nikamtazama usoni.

"Mama, sikuandika bado. Na nilikuja mlangoni kwako nikakwambia kwa mdomo yuko mtu ndani. Ukaitikia kwa kichwa."

Nilingoja aseme muongo mkubwa wewe. Akakunja uso, akaanza kutafuta kichwani mwake kitu ambacho hakikuwamo. Alitafuta kwa bidii. Niliona kabisa anavyokitafuta.

"Nikaitikia?"

"Uliitikia."

"Basi masikio yameshakwisha, mwanangu. Hizi mashine zimeyala na macho yamefuata." Akaanza kulia taratibu, akijifuta kwa mkono wa ovaroli. "Mwambie shemeji yako anisamehe. Mwambie ni uzee."

Aliniamini. Kama angenitemea mate ningejifuta nikaondoka. Alinyanyuka kwenye lile benchi mzee kwa miaka kumi kuliko alivyokaa, na akawaambia askari mbele yangu kwamba amekumbuka, kweli aliambiwa.

Nikafika wodini saa tisa na nusu.

Shemeji alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili, barakoa ya oksijeni usoni, pamba masikioni. Dada alikaa pembeni, kiti kimegusana na kitanda. Alikuwa amenunua daftari la mistari, mume wake anaandika, yeye anasoma, kisha naye anamwandikia jibu. Ukurasa wa juu niliuona. Shemeji aliuliza kama chakula cha mtoto kimenunuliwa, dada akaandika usijali, shemeji akaandika nitajali mpaka nife. Ameshindwa kusikia, utani haujamtoka.

Dada alinikumbatia. Alininong'oneza asante. Alisema madaktari wanasema sekunde chache zaidi angekwenda, na kwamba kama si mimi kubonyeza kile kitufe, leo angekuwa mjane. Asante, mdogo wangu. Alirudia mara tatu, nami nilisimama nikaipokea kila moja.

Nikalichukua daftari. Nikaandika kwa herufi kubwa ili asichoke: Shemeji, saa kumi wanakuja watu wa uchunguzi. Mama Swichi amekiri nilimwambia. Waandikie kwamba nilikuwa nimemwonya. Ni hilo tu.

Shemeji akasoma. Akanitazama juu ya barakoa, muda mrefu, kwa macho yale yenye damu kwenye pembe. Akachukua kalamu. Kila neno lilichukua muda wake. Alipomaliza hakunirudishia mimi daftari. Alimpa mkewe.

Dada akasoma kwa sauti, kama alivyozoea, bila kujua anasoma nini.

"Ubao sikuuona. Wewe nilikuona."

Dada akainua macho. Akauliza aliniona wapi.

Sasa, msomaji wangu, nimekudanganya kule juu. Nilisema niliporudi niliiona sindano inaanguka, nikakimbia. Sikukimbia. Hapakuwa na pa kukimbilia, maana nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa nimesimama mbele ya kidirisha, na kitufe chekundu kiko hatua mbili kutoka bega langu la kulia.

Nilimwona mle ndani ameshika masikio. Nilimwona anageuka, ananiona. Uso wake ulilegea kwa nafuu, kwa sababu aliyesimama pale nilikuwa mimi. Aliacha masikio, akaja kidirishani, akagonga kioo.

Na mimi nikasimama.

Naapa sikuwaza afe. Wazo lililonijia lilikuwa dogo, hata kulisema naona aibu kwa udogo wake. Niliwaza, kukitokea ajali kidogo, jaribio litaahirishwa. Wageni watarudi. Kompyuta hazitaiva leo mbele ya watu. Niliwaza hivyo nikimtazama, sindano ikienda, yeye akigonga, na kila pigo lilipokuja lilikuja dogo zaidi, kwa sababu hewa ya kulibeba ilikuwa inakwisha na nguvu zake pia. Kisha magoti yake yakakunjika, uso ukatoka kidirishani, ndipo mkono wangu ulipokwenda kwenye kitufe.

Shemeji alikuwa amemwomba dada daftari tena. Akaandika mstari mmoja mfupi. Dada alisoma huu kimya kwanza. Midomo yake ilisogea bila sauti. Akausoma mara ya pili, akaweka kidole chini ya neno moja, kama mtoto anayejifunza.

Nyayo zikasikika koridoni. Muuguzi alikuwa akiwaelekeza watu wawili, kitanda cha tatu, ndiyo, huyu. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wakaingia na mikoba yao, wakasalimu, wakauliza nani atawasaidia kuwasiliana na mgonjwa.

Dada hakuwaitikia. Alikuwa amegeuka upande wangu, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile aliyokuwa akitumia nikiwa mdogo nikirudi nyumbani nimechelewa.

"Anasema aligonga kioo mara saba," akasema. "Mdogo wangu, wewe uliisikia ya ngapi?"

Nikafungua mdomo. Akaniwahi kwa kuinua mkono.

"Usiniambie mimi. Yeye hasikii."

Akafungua ukurasa mpya, akanikalisha ukingoni mwa kitanda, akalibonyeza daftari magotini kwangu, akanitia kalamu vidoleni na kuvifunga kwa vidole vyake. Mwanamke wa uchunguzi alisogea karibu, akainama kuona vizuri. Shemeji akaivuta barakoa pembeni kidogo ili isimzibe macho. Nikaiweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa kwanza, na wote wanne wakawa wanautazama mkono wangu.